Virusi Vikiondoka, Maumivu Yakibaki: Chikungunya na Baridi Yabisi

Katikati ya mwaka 1952 homa ngeni ilizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, katika lile lililokuwa Jimbo la Kusini la Tanganyika, nayo haikutulia hadi mapema mwaka 1953. Ilimshika mtu ghafla. Joto la mwili lilipanda, vipele vikatoka, lakini lililowasumbua wenyeji kuliko yote ni viungo: vifundo vya miguu, magoti, viwiko na vidole viliuma kiasi cha mgonjwa kushindwa kujinyoosha. Wakaupa ugonjwa jina kwa lugha yao ya Kimakonde, chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Mwaka 1955 Marion Robinson alichapisha maelezo ya dalili za wagonjwa, na W. H. R. Lumsden akachapisha habari za jinsi maradhi yalivyoenea. Mwaka uliofuata R. W. Ross alieleza namna kirusi chenyewe kilivyotengwa. Vitabu vingi vya ng'ambo bado vinaandika kwamba jina hilo ni la Kiswahili. La hasha. Wamakonde ndio walioumwa, nao ndio waliolitoa.

Waswahili wa pwani walikuwa na jina lao, na huenda ugonjwa ni ule ule. Unguja ilipata milipuko miwili mikubwa ya homa iliyoitwa kidinga pepo, mmoja mwaka 1823 na mwingine mwaka 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja wakati wa mlipuko wa pili, aliacha maandishi juu yake. Kwa miaka mingi kidinga pepo ilihesabiwa kuwa dengi, na wapo wanaoamini kwamba jina la dengi lenyewe limetokana na neno hilo la Kiswahili. Mwaka 1971 Donald Carey alizipitia upya kumbukumbu hizo za kale na kutoa hoja kwamba dalili zilizoandikwa, hasa maumivu ya viungo yaliyoendelea baada ya homa kuisha, zinalingana zaidi na chikungunya. Msomaji anaweza kuliona hili kuwa jambo la wanahistoria tu. Hata hivyo tabibu ana sababu ya kulikumbuka, kwa maana siku za homa magonjwa haya mawili hufanana mno, na tofauti yake hujionyesha vizuri zaidi katika miezi inayofuata.

Miezi hiyo ndiyo mada ya somo hili. Kirusi cha chikungunya huonekana katika damu kwa muda wa wiki moja hivi tangu homa ianze. Baada ya hapo kingamwili hukiondoa, na wagonjwa wengi hurudia shughuli zao. Lakini si wote. Nchini Colombia, ambako kirusi kiliingia mwaka 2014, watafiti walifuatilia wagonjwa wapatao 500, na miezi 20 baadaye takriban robo yao walikuwa bado na maumivu ya viungo. Kwa nini kiungo kiendelee kuvimba wakati damu imekwisha kusafika? Je, kirusi kimejificha mahali ambapo sindano ya kutoa damu haifiki, au kimekwenda zake na kuiacha kinga ya mwili ikipigana na mwili wenyewe? Swali hili halina anasa ya kusubiri wasomi walimalize. Mgonjwa akiwa na kirusi hai ndani ya kiungo, dawa ya kupunguza kinga inaweza kumwacha bila mlinzi. Na akiwa na kinga iliyoasi, kumnyima dawa hiyo ni kuiacha mifupa yake iliwe taratibu.

Inafaa kwanza tukubaliane juu ya jina. Mitaani, baridi yabisi hubebeshwa kila maumivu ya viungo, kuanzia magoti ya uzeeni hadi jongo. Katika makala hii jina hilo litatumika kwa ugonjwa mmoja tu, ule ambao madaktari huuita rumatoidi athraitisi. Katika ugonjwa huu mfumo wa kinga hushambulia utando laini unaofunika kiungo kwa ndani. Utando huvimba, hunenepa, kisha hutambaa juu ya gegedu na kuumega mfupa. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na duniani kote hukadiriwa kuwa mtu mzima mmoja katika kila 100 au 200 anao. Wengi wa wagonjwa, ingawa si wote, huwa na kingamwili za aina mbili katika damu: ile ya zamani iitwayo RF, na ile iliyo mahususi zaidi iitwayo anti-CCP. Chanzo chake hakijawahi kuwa kimoja. Urithi una sehemu, hasa jeni la HLA-DRB1. Uvutaji wa sigara una sehemu. Na kwa miongo kadhaa virusi vimekuwa vikitajwa kama cheche inayowasha moto katika kuni zilizokwisha kupangwa.

Orodha ya virusi vinavyojulikana kuvimbisha viungo ni ndefu. Parvovirusi B19, rubela, homa ya ini ya B na ya C, pamoja na virusi vya jamii ya alfa, ambamo chikungunya imo pamoja na ndugu yake o'nyong'nyong aliyeanza kujulikana Uganda mwaka 1959. Kirusi cha Epstein-Barr, ambacho zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, kimechunguzwa kuhusiana na baridi yabisi tangu miaka ya 1970. Ugumu wake uko papo hapo: kitu ambacho karibu kila mtu anacho ni vigumu kukishtaki kwa kosa lililompata mmoja katika 100. Kwa mtafiti, chikungunya ina ubora ambao Epstein-Barr haina. Huja kwa mlipuko wenye tarehe. Kabla ya mwezi fulani kisiwa kizima hakikuwa nacho. Baada ya mwezi fulani theluthi ya wakazi wamekipata. Na anayevimba vidole baadaye anaweza kuulizwa kwa uhakika homa yake ilianza lini.

Kirusi huingiaje katika kiungo? Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba protini iitwayo Mxra8, iliyopo juu ya seli za gegedu, za misuli na za tishu zinazoshikanisha viungo, ndiyo mlango mmojawapo ambao kirusi cha chikungunya na ndugu zake kadhaa hupitia. Hapo tunapata sababu mojawapo ya ugonjwa huu kupenda vifundo na vidole badala ya, tuseme, mapafu. Kirusi kikiisha kuingia, seli hupiga king'ora kwa kutoa intaferoni na kemikali nyingine za kuitana, na seli walaji hukusanyika kiungoni. Maumivu ya wiki ya kwanza kwa sehemu kubwa ni kelele za mapambano hayo.

Yanayofuata yanashangaza zaidi. Mwaka 2013 watafiti walioambukiza panya kirusi cha chikungunya walichapisha matokeo yanayostahili kukaa akilini mwa kila mwanafunzi wa tiba. Panya waliokosa seli za kinga za aina ya CD4 hawakuvimba miguu kama wenzao, ijapokuwa kiasi cha virusi katika miili yao hakikuwa pungufu. Maana yake ni kwamba uvimbe haukuwa kazi ya kirusi peke yake. Sehemu kubwa ulikuwa kazi ya askari waliotumwa kukifukuza. Lakini mwaka huo huo kundi jingine lilionyesha kwamba chembechembe za urithi za kirusi zilibaki katika viungo vya panya kwa miezi kadhaa. Basi panya wale wale, kulingana na anayewaangalia, wanathibitisha nadharia zote mbili.

Tuwaache panya, turudi kwa wanadamu. Mwaka 2014 kikundi cha Wamarekani kutoka eneo la Missouri kilisafiri kwenda Haiti, na baadhi yao wakarudi na chikungunya. Madaktari wao waliwachunguza wagonjwa kumi. Wanane kati yao walibaki na uvimbe wa viungo vingi, kulia na kushoto kwa ulinganifu, nao walitimiza vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 vya kutambua baridi yabisi. Hata seli zao za kinga, zilipopimwa, zilifanana na za wagonjwa wa baridi yabisi ambao hawajaanza dawa. Anayesoma haraka atasema jambo limekwisha: virusi huleta baridi yabisi. Anayesoma polepole atauliza vigezo hivyo vinahesabiwaje.

Tuvihesabu. Mgonjwa huhitaji alama 6 kati ya 10. Viungo vilivyoathirika vikizidi kumi, na angalau kimoja kikiwa kiungo kidogo, hupata alama 5. Maumivu yakifika wiki sita, huongezwa alama 1. Hapo alama 6 zimekwisha kutimia, na hakuna hata tone la damu lililopimwa! Chikungunya ni ugonjwa unaoshika viungo vidogo vingi na kudumu kwa wiki nyingi. Kwa hiyo mgonjwa wake anaweza kupita mtihani wa baridi yabisi bila kuwa na kingamwili yoyote ya baridi yabisi. Waliotunga vigezo hawakufanya uzembe. Waliandika sharti mlangoni kabisa: vitumike kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake hauelezwi vizuri zaidi na ugonjwa mwingine. Ni sharti hilo ambalo sisi, katika haraka za kliniki, hulisahau. Waliowachunguza wasafiri wa Haiti hawakulisahau. Walisema wazi kwamba ugonjwa huu unaiga baridi yabisi isiyo na kingamwili, na kuiga si kuwa.

Sasa turejee kwenye swali la kirusi kilichojificha. Kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi kilipigwa vibaya mwaka 2005 na 2006. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake waliambukizwa. Mwaka 2010 watafiti wa huko walichapisha habari za mgonjwa aliyekuwa na maumivu sugu. Kipande cha utando wa kiungo chake, kilichochukuliwa miezi 18 baada ya homa, kilikuwa bado na alama za kirusi ndani ya seli walaji. Hilo lilichukuliwa na wengi kuwa ushahidi wa maficho. Mwaka 2018 ukaja ushahidi wa upande wa pili. Nchini Colombia ute wa viungo ulivutwa kwa sindano kutoka kwa wagonjwa 38 waliokuwa na uvimbe sugu, takriban miezi 22 baada ya kuambukizwa. Walitafuta chembechembe za urithi za kirusi, wakajaribu kukiotesha kirusi maabara. Hawakukipata kwa mgonjwa hata mmoja.

Mtu asiruke kusema kwamba 38 wamemshinda mmoja. Ute wa kiungo na utando wa kiungo ni vitu viwili tofauti. Mwizi anaweza kukosekana uani huku amelala chumbani. Tena, mabaki ya kirusi si lazima yawe kirusi hai. Vipande vya protini vilivyosahauliwa ndani ya seli walaji vinaweza kuendelea kuichokoza kinga kama kibanzi cha mti kinachobaki chini ya ngozi baada ya mwiba wenyewe kung'olewa. Kwa maoni ya mwandishi, maelezo haya ya kati ndiyo yanayobeba ushahidi mwingi zaidi kwa sasa: kirusi hai huenda hakipo kwa walio wengi, ila mabaki yake yanaweza kuwepo kwa baadhi, na kinga inaendelea kuyajibu. Jaribio la mwaka 2017 linaelekea huko huko. Panya walioambukizwa walipewa kwa pamoja kingamwili ya kukizuia kirusi na dawa ya kuzituliza seli za kinga, ile ile inayotumika kwa baridi yabisi. Mchanganyiko huo uliutuliza uvimbe vizuri kuliko kila dawa ikitumika peke yake.

Bado lipo kundi ambalo halifai kupuuzwa: wale ambao baada ya chikungunya hupata baridi yabisi kamili, yenye kingamwili na yenye kumega mifupa. Réunion waliripotiwa wagonjwa wa namna hiyo. Je, kirusi ndicho kilichowapa ugonjwa? Hapa msaada unatoka mahali ambapo mtu hakuutarajia, katika benki za damu za Uholanzi. Mwaka 2004 watafiti walifungua damu zilizohifadhiwa za watu 79 waliowahi kuchangia damu na ambao baadaye walipata baridi yabisi. Takriban nusu yao walikuwa tayari na RF au anti-CCP katika damu kabla ya dalili ya kwanza, kwa wastani wa miaka minne na nusu kabla. Yaani kinga ilikuwa imeasi kimyakimya muda mrefu kabla kidole cha kwanza hakijavimba. Mtu wa namna hiyo akiumwa chikungunya, kisha akaanza baridi yabisi, hatuwezi kusema kirusi kimemzaa mtoto huyo. Pengine kimekuwa mkunga tu. Ili kulitatua jambo hili kwa uthabiti, ingefaa damu ya kabla ya mlipuko ilinganishwe na ya baada yake kwa mtu yule yule, na hifadhi za damu za namna hiyo ni chache katika nchi ambako kirusi hiki huzuka.

Yote haya yanaweza kuonekana kuwa mbali na chumba cha mganga wa zahanati. Hayako mbali. Mwaka 2007 na 2008, katika hospitali mbili za Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa vipimo ambavyo hospitali za kawaida hazina. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria na matabibu waliowapokea. Waliokuwa na malaria kweli ni asilimia 1.6. Na kati ya 700 waliopimwa virusi vinavyoenezwa na mbu, 55, yaani asilimia 7.9, walikuwa na chikungunya. Watu hao 55 hawakutoka katika mlipuko wowote uliotangazwa. Laiti wasingekuwa ndani ya utafiti, wengi wangerudi nyumbani wakiamini wamepona malaria. Mmoja wao akija miezi minne baadaye akiwa na vidole vilivyovimba, nani angeunganisha mambo hayo mawili?

Tuchukue mfano wa kufundishia, usio wa mgonjwa yeyote halisi. Mama wa miaka 44, muuza samaki, anakuja kliniki akilalamika kwamba kila asubuhi mikono inakakamaa kwa zaidi ya saa nzima, hata kufunga kanga hawezi. Vifundo vya vidole na vya miguu vimevimba pande zote mbili. Ameishi hivyo kwa wiki kumi. Amekwisha kuchomwa sindano tatu katika duka la dawa. Kila moja ilimpa nafuu ya siku chache. Tabibu wa kwanza atasema ni uchovu wa kazi. Tabibu wa pili, msomi zaidi, atahesabu alama na kumwandikia baridi yabisi ya maisha. Wote wawili wameruka swali moja: “Mama, kabla ya haya kuanza, uliumwa homa?” Akijibu ndiyo, maswali hufuata yenyewe. Ilianza ghafla? Viungo viliuma tangu siku ile ile? Kulikuwa na vipele? Nyumbani na kwa majirani waliumwa wengine? Baridi yabisi kwa kawaida hunyemelea, kidole kimoja wiki hii, kingine mwezi ujao, wala haiwashiki majirani. Chikungunya huingia kwa kishindo, mara nyingi na nyumba nzima.

Vipimo huja baada ya maswali. Kingamwili za IgM za chikungunya huanza kuonekana karibu na siku ya tano na huweza kudumu kwa miezi. Za IgG hudumu kwa miaka, na kwa hiyo IgG peke yake kwa mkazi wa pwani haithibitishi kwamba homa ya juzi ndiyo yenye hatia. Anti-CCP ipimwe. Ikiwa iko juu, mgonjwa huyu ana baridi yabisi hata kama aliumwa chikungunya, naye asicheleweshwe. Ikiwa haipo, na historia ya homa iko wazi, jina la baridi yabisi lisiandikwe kwenye cheti chake kwa haraka. Homa ya ini ya B na ya C zipimwe pia, kwa sababu mbili: zenyewe huvimbisha viungo, na dawa zinazokuja mbele huumiza ini.

Madaktari wa Ufaransa, baada ya funzo la Réunion, waliugawa ugonjwa katika hatua tatu: siku 21 za mwanzo, kisha hadi mwezi wa tatu, kisha hatua sugu. Mgawanyo huo una manufaa kwetu. Katika hatua ya kwanza parasetamoli na mapumziko hutosha kwa wengi. Aspirini na dawa za jamii ya diklofenaki zisitolewe mpaka dengi iondolewe katika mashaka, kwani huongeza hatari ya kutoka damu. Klorokwini ilijaribiwa Réunion kwa wagonjwa wa hatua hii na haikusaidia; waliopewa walilalamikia viungo zaidi ilipofika siku ya 200. Sindano za steroidi, kama zile za muuza samaki wetu, hufunika dalili, na maumivu mara nyingi hurudi zikiisha nguvu. Kati ya wiki ya tatu na mwezi wa tatu wengi huendelea kupata nafuu wenyewe, na mazoezi ya viungo yana faida kubwa kuliko sifa yanayopewa.

Ni baada ya miezi mitatu, uvimbe wa kweli ukiwa bado unaonekana na kushikika, ndipo suala la methotrekseti hufika mezani. Dawa hii imetumika Réunion na kwingineko kwa uvimbe sugu wa chikungunya, na utafiti wa India wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mchanganyiko wa methotrekseti, salfasalazini na haidroksiklorokwini ulishinda haidroksiklorokwini peke yake. Ushahidi wa Colombia kwamba kirusi hai hakikuonekana katika ute wa viungo unampa tabibu ujasiri fulani wa kuitumia. Ujasiri huo uwe na mipaka. Methotrekseti humezwa mara moja kwa wiki. Mgonjwa akielewa vibaya na kuimeza kila siku, inaweza kumuua. Andika jina la siku kwenye bahasha ya dawa, na umwombe airudie kwa mdomo wake. Huharibu mimba, kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa aulizwe na apangiwe uzazi kwanza. Kifua kikuu kichunguzwe. Na tofauti na baridi yabisi, hapa dawa ina matarajio ya kukoma: mgonjwa aonwe kila baada ya miezi michache, na dozi ipunguzwe uvimbe ukilala. Aliyeandikiwa baridi yabisi ya maisha hapewi nafasi hiyo, na ndiyo sababu jina lenyewe lina uzito wa dawa.

Chanjo zimeanza kupatikana, ingawa kwa mwendo wa kusitasita. Marekani iliidhinisha ya kwanza Novemba 2023, ikasimamisha leseni yake Agosti 2025 kwa sababu ya madhara makubwa kwa baadhi ya waliochanjwa. Ya pili, ya aina tofauti, iliidhinishwa Februari 2025. Kwa sasa kinga iliyo mikononi mwetu ni ile ile iliyoonekana tangu siku za Lumsden. Uwanda wa Makonde hauna maji ya juu ya ardhi. Maji yalitekwa mbali na kuwekwa ndani ya nyumba kwenye vyombo, humo mbu aina ya Aedes aegypti wakazaliana. Miaka 52 baadaye, mwaka 2004, kirusi kiliingia Lamu wakati wa ukame, mitungi na mapipa yakiwa yanajazwa kwa nadra bila kumwagwa na kusafishwa. Upimaji uliofanywa baada ya mlipuko ulikuta kingamwili kwa asilimia 75 ya wakazi waliopimwa, na ikakadiriwa kwamba watu wapatao 13,500 waliambukizwa. Mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakimtoshi. Mtungi ufunikwe, pipa limwagwe na kusuguliwa kuta zake kila wiki, kwa kuwa mayai hugandama kwenye kuta na huvumilia ukavu kwa miezi. Na katika mwaka wa ukame, pale ambapo hesabu za malaria huwa zimeshuka, mganga wa pwani anayeona homa zimeongezeka aanze kuuliza habari za viungo.